Plaki Iliyoanikwa Pamoja na Mpunga

Mama yangu aliharibiwa kifua na taa. Sitapamba maneno. Ilikuwa taa ya mkebe, utambi wa kitambaa, na ndani petroli, yaani mafuta ya taa ambayo baba mwenyewe aliyauza dukani kwake hapa Kasongo tangu mimi sijazaliwa. Kila baada ya magharibi mama alikaa mkekani akasoma Kurani, na kwa kuwa macho yalishaanza kuchoka, aliivuta taa mpaka karibu na pua. Asubuhi akipenga kamasi, kitambaa kinatoka cheusi. Anakohoa, anacheka, anasema, "Munaona? Niko na makaa mu kifua, mungeweza kupikia."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeolewa Kabambare, na kila nilipokuja kuwaona nilimkuta yeye amekonda na kikohozi kimenenepa. Daktari alisema mwondoeni kwenye moshi, mkichelewa pumzi itamwishia. Basi nikamgombeza baba. Ndiyo, mimi mtoto wa kike, dukani, mbele ya wateja: "Baba, hii petroli unayouza inamuua muke yako!" Baba alikuwa mtu wa kubisha hata juu ya mvua ambayo imekwisha kunyesha, lakini siku ile alinyamaza. Nikajua naye anaogopa.

Plaki ya jua, yaani paneli ya kuvuna umeme, niliipata Kabambare pamoja na betri na balbu yake, kwa mfanyabiashara aliyezoea kuwauzia wachimba dhahabu wa Lusangi. Niliifunga blanketi, nikaipakata kwenye pikipiki mpaka Kasongo. Barabara ile, Mungu anisamehe, si barabara. Kwenye matope tulishuka, dereva akasukuma pikipiki, mimi nikatembea nyuma na plaki kichwani. Dereva akanionea huruma.

"Mama, leta nikusaidie."

"Wewe beba pikipiki yako," nikamwambia. "Hii ni kifua ya mama yangu."

Kuipigilia juu ya paa baba alikataa. Jirani yetu alikuwa ameibiwa yake huku amelala chini yake, anakoroma. Kwa hiyo plaki ikawa inaanikwa. Asubuhi mama anatandaza mikeka uani, anamwaga mpunga, na baba analeta plaki anailaza pembeni juu ya gunia. Jua likihama, mama anageuza mpunga kwa mguu, baba anageuza plaki. Kuku wakija, wote wawili wanawafukuza. Jioni mpunga ndani, plaki ndani.

"Umeoa muke wa pili," mama alimtania, "na huyu hajui kupika."

"Lakini huyu hakohoi," baba akajibu.

Neno lilishamtoka, uso ukambadilika. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na baba akakimbilia maji.

Petroli aliiondoa dukani. Pipa lilipokwisha hakununua jingine, na mteja aliyelalamika alionyeshwa duka la jirani. Na mama akasoma chini ya balbu. Siku za kwanza bado aliinama, mazoea yana taabu. Kisha akajifunza kukaa wima, Kurani juu ya marfaa, mikono imetulia. Kitambaa chake kikaanza kutoka cheupe. Alituonyesha kila mmoja wetu, hata wageni, bila haya. Nami nikaamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, jinsi nilivyoamini.

Wapi! Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeshajijengea nyumba ndani yake, na moshi wa taa si mgeni wa kuagwa akaondoka. Kitambaa kilikuwa cheupe, pumzi ikaendelea kupungua. Alikufa asubuhi moja ya kiangazi, jua zuri kabisa la kuanika, mpunga umeshamwagwa mkekani. Tulimzika alasiri ileile.

Kwetu nyumba yenye kilio haianiki kitu. Mpunga, mihogo, vyote hukaa ndani mpaka matanga yaishe. Ukianika, wazee wanasema, ni kumwambia marehemu kwamba kazi inaendelea bila yeye. Kesho yake nilipotoka na plaki mikononi, shangazi, dada yake baba, akanizuia mlangoni.

"Ee! Unaanika, na kaburi ingali mbichi?"

"Shangazi, hii si mpunga."

"Kila siku inalala wapi? Si pembeni ya mpunga? Rudisha ndani."

Nikarudisha. Siku nyingine ningebishana naye mpaka majirani waje kutuamua, lakini nguvu zilikuwa zimeniishia.

Bila jua, betri ikaisha. Ilipofika magharibi wanawake walikuwa wamejaa chumbani, giza limetanda, na majirani kwa moyo wao mwema wakaleta taa zao za mikebe. Walizipanga kuzunguka mkeka wa mama, wakaanza kusoma. Moshi ukapanda. Hapo baba akaja kutoka kwa wanaume, akasimama mlangoni, na ile harufu ikampiga usoni.

"Toeni!" alisema. Sijapata kumsikia na sauti ile. "Hii moshi ndiyo ilimuua. Aliikimbia, na munamuletea mpaka mu kilio yake?"

Akaingia akazizima taa moja moja, mikebe inamuunguza vidole, na hakungoja mtu amsaidie. Wanawake wakamalizia gizani sura walizozijua kwa moyo.

Asubuhi yake alitoa plaki mwenyewe. Shangazi akampisha mlangoni. Baba akailaza juu ya gunia, uani hakuna mpunga wala mkeka, akakaa chini karibu nayo, na kutwa nzima hakuondoka isipokuwa kwa swala. Waliokuja kutoa pole walimfuata hukohuko juani. Alipokea mikono yao, akasema amina, akageuza plaki. Nilimpelekea chai ikapoa bila kuguswa. Nilikuwa na hasira na kila mtu siku ile, na daktari, na shangazi, na mama mwenyewe kwa kutuonyesha kitambaa cheupe. Kwa baba tu sikuwa nayo.

Jioni akaingiza plaki, akaunganisha waya, balbu ikawaka. Chumba kizima kikaonekana mpaka kwenye pembe: mkeka, marfaa, Kurani imefungwa, khanga yake kwenye msumari. Wanawake wakasogea ukutani wampishe. Baba alisimama akitazama, na mimi nikasubiri aseme alhamdulillahi, kwa sababu hii ndiyo ilikuwa nuru aliyoihangaikia tangu alfajiri.

"Zima," akasema.

"Baba?"

"Zima, mutoto wangu. Mu giza nilikuwa naona kama angali hapo."