Kicheko Nilichokisikia Kutoka Bombani

Nimeitazama ile filamu mara mbili kwenye simu, nyumbani kwangu Lubumbashi, na sikucheka hata mara moja. Hebu niambie, rafiki yangu, wewe ungefanya nini? Filamu ambayo mtaa wetu mzima wa Kolwezi uliichekea mpaka watu wakashika mbavu, mimi naitazama peke yangu nimenuna. Ni filamu ya huzuni. Kijana anaaga mama yake, anashika barabara na mzigo kichwani, anakwenda kutafuta kazi mji wa mbali, harudi. Mama anabaki akifagia uwanja. Basi. Kichekesho kiko wapi?

Nilipokuwa mtoto, televisheni yetu sote ilikuwa ya mwalimu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na mashine ya kaseti, na kaseti zenyewe za kuhesabika kwa vidole. Jumamosi mchana, kuran ikirudi (ndivyo tunavyouita umeme), aliitoa televisheni barazani, na watu wakaja na viti na mikeka. Bwawa la Nzilo liko hapo tu, si mbali na mji, na nyaya zake kubwa zilipita juu ya vichwa vyetu zikinguruma, zikipeleka umeme kwingine, sisi tumekaa na vibatari. Hilo nalo bado linanichoma, lakini tuliache.

Watu wa filamu ile walizungumza lugha ya Afrika Magharibi ambayo hakuna kwetu aliyeijua, na chini yake yakapita maandishi ya Kifaransa. Mwalimu ndiye aliyeyasoma na kuyatia katika Kiswahili. Alisoma kama anayetoa imla darasani: taratibu, kwa sauti ya puani, akirudia kila sentensi. Mama wa kwenye filamu alishalia akanyamaza, sisi ndio kwanza tunaambiwa analilia nini. Akikutana na neno gumu, alilieleza maana yake, picha zikizidi kwenda. Watoto tulifinyana kwa uchovu. "Mara ya kwanza ni masomo," mwalimu alisema, na kwa kweli yalikuwa masomo.

Utamu ulikuwa mara ya pili. Mwalimu alirudisha kaseti mwanzo, akaketi, akafunga mdomo wake. Sasa hadithi kila mtu anaijua, hakuna wa kungoja tafsiri. Akina mama walibambua karanga na kusukana nywele, mahindi yalichomwa kwenye mbabula, kikombe cha munkoyo kikazunguka, na watu wakaanza kuwasemesha wale wa kwenye filamu kama majirani. Hapo ndipo alipoamka kambo. Kambo ni bibi, kwa lugha yetu ya Katanga; huyu wangu alikuwa mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea. Mara ya kwanza yote alisinzia waziwazi, mbele ya mwalimu, bila haya. "Filme ya kwanza ni ya Mwalimu," alisema. "Ya pili ni yangu."

Na mimi hiyo ya pili sikuiona. Pampu iliyosukuma maji mtaani kwetu ilitumia kuran ileile. Umeme ukirudi, maji nayo yalianza safari, lakini mpaka yapande kufika kwetu, filamu moja imekwisha. Basi mwalimu akibonyeza tu kile kitufe cha kurudisha, mashine ikianza kulia zizizi, nyuma ya nyumba bomba nalo linaanza kukohoa. Koho, koho. Kikohozi kile nakichukia mpaka leo. Kambo hakugeuza hata kichwa.

"Mama, bidon."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mkubwa wa watoto pale nyumbani nilikuwa mimi, kwa hiyo bidon, yale madumu ya maji, zilikuwa zangu.

"Kambo, leo tu. Uniache niangalie."

"Filme itarudia. Mayi haitarudia."

Nilibeba bidon zangu za njano nikaenda kupigana viwiko na wenzangu, huku wanawake wenye mabasani makubwa wakitupita kwenye foleni kana kwamba hatupo. Na kila mara, palepale, kabla bidon ya kwanza haijajaa, kicheko kinavuka ukuta. Kwanza sauti nyembamba ya kambo, inasema neno ambalo silisikii. Halafu baraza nzima inalipuka. Nilihisi kama nimefungiwa mlango usoni. Nikirudi na bidon ya mwisho, mama wa kwenye filamu ameshafika kufagia, watu wanajifuta machozi ya kucheka.

"Munacheka nini?"

"Ungekuwako ungejua."

Jibu lilikuwa hilohilo, wiki nenda wiki rudi. Nilimwuliza kambo mwenyewe akitwanga majani ya sombe, akasema: "Siku utaikala, utasikia." Siku nitakayokaa! Na nani alikuwa ananituma bombani, kama si yeye? Mwishowe mashine iliila ile kaseti, mkanda ukatoka nje kama matumbo ya kuku, na habari ikaishia hapo.

Nilikua, nikaenda kusoma Lubumbashi, nikapata kazi nikabaki. Kambo alifariki msimu wa mvua, barabara ni tope tupu, na nilipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa. Niliwakuta akina mama wamekaa kwenye mikeka, sufuria kubwa ya bukari ikisongwa, kilio kinapanda na kushuka. Basi jirani mmoja, yule mwuza maandazi ya bitumbula, akajifuta uso akasema: "Musilie. Kambo alienda tu kuchota mayi." Uwanja wote ukacheka. Walicheka huku wanalia, wameshikana mabega. Mimi peke yangu nilibaki nimekauka. Bibi ni wangu, msiba ni wangu, na mgeni ni mimi! Hasira haikuniruhusu kuuliza. Niliingia ndani nikalala nimegeukia ukuta.

Ndipo nilipoanza kuitafuta filamu, mpaka kijana mmoja wa duka la simu akanipatia. Nimekwambia, niliitazama mara mbili. Nilitafuta maji. Hakuna kisima mle, hakuna mto, hakuna hata ndoo. Ilinikera hata usingizi ukawa haba. Kiangazi hiki nikapanda basi kwenda Kolwezi kumtafuta mwalimu.

Mtaa wetu usiuulize. Madini yalipogunduliwa chini ya nyumba, watu walichimba mpaka jikoni mwao. Pale barazani pa mwalimu pana shimo lililofunikwa turubai, na vijana waliotoka kila upande wa Kongo wanapika bukari yao tulipotandika mikeka. Bomba bado limesimama, limepinda, halina kichwa. Kijana mmoja alinisalimu kwa heshima: "Mama, unatafuta nani?" Ningemwambia natafuta kicheko?

Mwalimu nilimkuta kwa binti yake, upande mwingine wa mji. Amezeeka, macho hayaoni tena herufi.

"Mwalimu, nilikuya juu ya ile filme."

"Ya yule kijana? Uko nayo mu telefone? Leta."

Safari hii msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma maandishi, nikayatia katika Kiswahili, binti yake akibambua karanga, na mjukuu wake, msichana wa darasa la tano hivi, ameegemea bega langu. Katikati kuran ikarudi, tukasikia watoto wa mtaa wakishangilia. Tulipomaliza nikamgeukia mwalimu.

"Sasa, tata, muniambie. Kambo alikuwa anasema nini?"

Alishangaa. "Hakuna mutu alikuambia?"

"Hakuna."

"Kijana akishapita ku kona, mama yake anaanza kulia, si ndiyo? Basi kambo yako anamuambia: 'Mama, usilie. Alienda tu kuchota mayi. Atarudia.' Na sisi wote tunaangalia fasi yako. Aliwekaka kitenge chake pale ku mukeka, mutu asiikale. Ukirudia na bidon, anakitosha, anatuambia: 'Munaona? Nilisema.'"

Nikuambie ukweli, kwanza nilikasirika. Miaka yote hii, kwa sentensi moja! Wangepungukiwa nini kunieleza? Halafu nikakikumbuka kitenge chenyewe. Kila niliporudi bombani nimelowa mgongo, kambo alikikunja akasogea, na mimi nilidhani ananipa tu nafasi. Nikainamia simu nisionekane.

"Turudilie," mwalimu akasema. "Na sasa usisome. Mara ya pili hatusomake."

Siku hizi hakuna cha kungoja mashine ilie, ni kidole tu. Nilikuwa sijakigusa kioo bado, nyuma ya nyumba bomba likakohoa.

"Kamata bidon," binti yake mwalimu akamwambia mtoto.

Msichana aliitazama simu, akanitazama mimi. Uso ule naujua, rafiki yangu, niliuvaa utoto wangu wote.

"Ikala," nikamwambia. "Nitaenda miye."

"Aa, mama! Mugeni haendake ku robine!" mama yake akapiga kelele, lakini nilikuwa nimeshika bidon tayari.

Foleni ni ileile, na viwiko ni vilevile. Mwanamke mwenye basani alinipita bila hata kuomba samahani. Na palepale, kabla zamu yangu haijafika, kicheko kikavuka ukuta, cha mtoto kikiwa juu ya vyote. Safari hii nilijua wanacheka nini, nikacheka nami peke yangu, watu wakanigeukia. Lakini hasira haikukawia kurudi. Sauti niliyoisikia ikilisema neno lile ni ya mwalimu, taratibu, ya puani, kama imla. Alivyolisema kambo mwenyewe sikusikia, na hakuna kaseti iliyolikamata. Filamu imerudi, kambo. Hata maji, uliyoniambia hayatarudi, yamerudi. Ni wewe tu uliyekwenda kuchota ukakawia.