Ukurasa wa Barua

Uji wa uwele ukichacha, mie nanusa gazeti. Msinicheke. Kaka yangu Yona alikuwa anatengeneza gazeti lake kwenye daftari la shule, picha anazibandika kwa uji huo, kwetu kule Msalato. Gazeti zima lilikuwa la mtu mmoja: mpiga gitaa wa roki, nywele kama kichuguu, tuliyekuwa tunamsikia kwenye redio ya katekista. Mama akipita anasonya: "Mnampamba mtu hata mlenda hajawahi kuonja!"

Mie shule sikupelekwa, nilikuwa na mbuzi. Jioni Yona ananisomea, na utamu wote ulikuwa mwishoni, kwenye barua za wasomaji. "Nakala zingine zimeenda na basi," alikuwa ananiambia. Mara mvuvi wa Mtera kaandika, mara mama mmoja wa Nkuhungu. Kesho yake machungani nawaigiza wote. Mvuvi, sauti ya mafua: "Mhariri, huku samaki wamekataa nyavu, wanataka gitaa!" Yule mama, sauti ya puani: "Jamani, huyo mtoto ana mchumba?" Mbuzi wananitazama tu. Lakini nilihisi tuko wengi.

Siku moja nikamwambia, "Kaka, na mie nataka barua yangu itoke."

"Haya Nyemo, sema niandike."

Weee! Mie ninayeiga dunia nzima, sauti yangu mwenyewe nikaikosa. Nikasema kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho. Mpaka Yona akaondoka kutafuta kazi mbali. Akanipa daftari: "Nitunzie, nikirudi tutamalizia." Hakurudi. Hata salamu hazikuja.

Juzi mjukuu wangu wa kike kalikuta lile daftari sandukuni. Kasoma, kacheka: "Bibi, mbona barua zote mwandiko mmoja? Huyu kajiandikia mwenyewe!"

Nikacheka na mie, mpaka kicheko kikaniishia. Kumbe hapakuwa na mvuvi, wala mama wa Nkuhungu, wala nakala zilizopanda basi. Gazeti lilikuwa na msomaji mmoja, na huyo hajui hata a.

Mjukuu akafunua ukurasa wa mwisho. "Hapa juu kaandika, 'Barua ya Nyemo wa Msalato.' Chini hakuna kitu, Bibi. Kaacha ukurasa mzima."

Miaka yote hiyo nilikuwa nanung'unika kwamba kaka kanisahau, hata barua moja hakunitumia. Kumbe aliyekuwa anasubiri barua ni yeye.