Bakuli Lililoshonwa

Wiki nzima kabla ya maonyesho nilijifungia chumbani kwangu, mtaa wa Berea, nikisoma kwenye simu habari za vyombo vya kale vya Wachina. Sikupita chuo, ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, ndiyo maana naogopa mno kukosea mbele ya watu. Rafiki yangu, fundi cherehani wa mtaa jirani wa Yeoville aliyetoka Bukavu, alifunga kibanda chake Jumamosi ile ili nimpeleke kuyaona maonyesho. Njiani alinitania, akaniita profesa. Nilipenda.

Mle kwenye jumba la makumbusho nilimweleza kila kitu kabla hajauliza. Tulipofika kwenye bakuli moja la kauri, jeupe lenye maua ya buluu, aliinama hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Hili limeshonwa, mdogo wangu. Angalia. Mama alikuwa anashona vibuyu hivi hivi, vikipasuka."

Kando yetu walisimama watu wawili waliovaa vizuri. Nikamjibu kwa Kiingereza, ili wao wasikie, kwamba kauri haishonwi, yale ni mapambo. Mmoja wao akatabasamu. Nilidhani ananisifu.

Ndipo nikasoma maelezo. Bakuli lilivunjika zamani, fundi akalitoboa vitundu na kuliunga kwa pini za chuma.

Rafiki yangu Kiingereza anakisikia kidogo, ila hakisomi. Aliniuliza wameandika nini.

"Wameandika ni mapambo," nikasema.

Hakubisha. Alifuata ule ufa kwa kidole, hewani, akasema basi macho yake yamezeeka. Ana miaka thelathini na moja. Nilikimbilia chooni nikanawa mikono isiyo na uchafu. Kwenye teksi ya kurudi alizungumzia bei ya zipu, nami nikaitikia.

Siku tisa nilitunga maneno ya kumwambia. Niliandika, nikafuta, kila mara nikiona sentensi moja haijakaa sawa. Nilipokwenda hatimaye, nilimkuta akipinda sketi ya shule. Nikasema yote kwa mkupuo, vibaya. Hakusimamisha cherehani.

"Najua. Ulipoenda chooni nilimwita mlinzi mmoja wa pale, ni wa kwetu, akanisomea. Nilikungoja useme kwenye teksi."

Nikamwomba radhi. Akasema haya, yamekwisha, kisha akaniomba nisogee, namzibia mwanga. Nilisogea. Nilisimama hapo mpaka pindo lote likaisha, na hakuniuliza kitu.