Mabomba ya Ukindu

Nyumba niliyopewa Rasbura, mjini Lindi, ilikuwa na mashine ya kupoza hewa, na nadhani ndiyo maana hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Aliijenga mhandisi mmoja wa shamba la mkonge kabla ya Uhuru, mtu ambaye bila shaka aliuogopa upepo wa Lindi kuliko alivyoogopa mbu. Madirisha yalikuwa madogo, vioo vyake vimekazwa visifunguke. Hewa yote ilitakiwa itoke kwenye mashine iliyokuwa katika kibanda nyuma ya nyumba, ipite darini ndani ya mabomba mapana ya bati, kisha ishuke vyumbani kupitia matundu matatu yenye wavu. Mhandisi alikwenda zake, mashine ikabaki. Ukiiwasha ilinguruma kwa bidii kabisa, ila vyumbani haukufika upepo wa kuzima hata njiti ya kiberiti.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka Chuo Kikuu, nafundisha fizikia, na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Kwenye mikutano ya mtaa niliuliza kwa nini shamba la ujamaa lilimwe mahali ambapo hata nyasi zimekataa kuota. Msikitini niliuliza kwa nini feni pekee ielekezwe kwa imamu. Balozi wetu wa nyumba kumi alinizoea; nikinyoosha mkono alitazama upande wa pili. Lakini habari ya mabomba ya nyumba yangu mwenyewe sikuiuliza, kwa kuwa nililala barazani na sikuwa na shida. Mpaka mama alipokuja.

Mama alikuwa mkulima wa korosho Miteja, huko Kilwa, na alikuwa na pumu. Mwaka ule ilimbana mara tatu. Mara ya tatu majirani walimbeba juu ya kitanda hadi barabarani, wakakaa naye hapo kusubiri gari lolote. Daktari akaniambia mzee akae karibu na hospitali mpaka masika yaishe. Nikamleta kwangu. Barazani hapakumfaa kwa sababu ya umande na vumbi la barabara, kwa hiyo nikampa chumba kikubwa. Alivumilia siku nne.

"Mwanangu," akasema siku ya tano, "nyumba yako haina pua."

"Ina mashine, mama."

"Hiyo inapiga kelele tu, kama diwani wenu. Mimi nalala humu kama dagaa kwenye debe. Lori la ushirika likipita Jumatano ya wiki ijayo, narudi kwangu."

"Na kifua je?"

"Kifua ni changu. Kama ni kubanwa, nibanwe penye upepo."

Mama hakuwa mtu wa kutishia. Alikuwa akitangaza. Na lori lile lingekuwa la mwisho kabla mvua hazijakolea. Baada ya hapo njia ya Kilwa ingekatika, na kitanda cha kubebea mgonjwa hakivuki mto uliofurika. Nilikuwa na siku tisa za kuifanya nyumba ipumue.

Jioni ileile nikaiwasha mashine, nikapanda darini na tochi. Chumvi ya bahari ilikuwa imeyala mabomba mpaka yakawa kama chujio, na juu ya bomba kubwa walining'inia popo, wamenona, wametulia, manyoya yao yakipeperushwa na ubaridi. Miaka yote ile serikali ilikuwa ikiwapoza popo. Nilipomweleza mama alicheka hadi akashika mbavu, halafu akakohoa, na kicheko changu kikakatika.

Kesho yake nikaenda kwenye ofisi iliyosimamia nyumba zetu kuomba bati. Karani alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu.

"Mwalimu," akasema, "bati la kuezekea zahanati hatuna. Nitapata wapi la kuezekea upepo?"

"Basi nifanye nini?"

"Kujitegemea, mwalimu. Si ndiyo mnawafundisha watoto?"

Kwa mara ya kwanza tangu nifike Lindi, nilikosa swali la pili.

Nikampeleka mama kwa jirani kwa siku mbili ili vumbi lisimkute. Jirani huyo alikuwa mama wa Kimwera aliyejitangaza kuwa mtani wetu sisi Wamatumbi tangu siku ya kwanza. Mimi nikafunga kitambaa puani, nikachukua bisibisi, koleo na nyundo, nikaanza kubomoa. Misumari ya parafujo ilikuwa imeoza. Bomba lenyewe lilivunjika mikononi kama mkate wa wiki iliyopita. Nilijaza kinyesi cha popo magunia mawili, na mtani akayadai yote kwa ajili ya mchicha wake. Mguu wangu wa kulia ulitoboa dari juu ya chumba cha mama. Nilibaki nikining'inia hapo, nusu juu na nusu chini, nikijiuliza digrii yangu ilikuwa upande upi.

Jaribio la kwanza lilikuwa la madebe. Fundi bati wa sokoni alinikatia matano, nikayaunganisha nikayafunga kwenye mdomo wa mashine. Nilipoiwasha, madebe yalianza kutetemeka yote kwa pamoja, kila moja kwa sauti yake. Mama akatokea kwa jirani, kanga mkononi.

"Leo nani anachezwa unyago humu ndani?"

"Ni mabomba, mama."

"Basi wari watakosa usingizi."

Wala madebe zaidi hayakupatikana, maana mji mzima uliyahitaji kwa maji. Zikabaki siku tano. Mama akarudi chumbani kwake na kuanza kukunja nguo zake, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Siku iliyofuata nilirudi kutoka shule adhuhuri nikamkuta sebuleni anamalizia mkeka. Alikuja na mizigo ya ukili aliyoisuka kwao, zile kanda ndefu za ukindu, nyingine za zambarau na nyingine za kijani, kwa ajili ya mikeka ya harusi ya dada yangu. Nimezaliwa juu ya mkeka, nimelala juu ya mkeka, na sikuwahi kutazama unavyoshonwa. Ukili hauwekwi chini ukapangwa vipande. Unazungushwa, ukingo wake ukishonwa kwa ukingo wa mzunguko uliotangulia, ukipanda juu, ukipanda juu. Mkeka kabla haujawa mkeka ni bomba. Unapofika urefu unaotakiwa ndipo mshonaji anaupasua kwa kisu toka juu hadi chini na kuutandaza.

Bomba lile lilisimama mbele ya mama, refu kumpita akiwa amekaa, jepesi, halina kutu. Naye alikuwa ameshashika kisu.

"Mama, usikate!"

Alishtuka akaangusha kisu. "Una nini wewe? Kuna nyoka?"

"Usiupasue. Niachie hivyo hivyo."

"Mkeka usiopasuliwa utalaliwa na nani? Chatu?"

"Utalaliwa na upepo."

Nilidhani atakataa kwa ajili ya harusi. Badala yake akauliza, "Mdomo wa hiyo mashine yako una upana gani?"

Nikakimbilia kibandani kupima kipenyo kwa rula, nikarudi nikakaa na daftari, nikazidisha kwa pai, nikakosea, nikafuta. Mama alikwenda kibandani, akauzungushia mdomo wa mashine pindo la kanga, akarudi kabla sijamaliza. "Shibiri tano na vidole viwili," akasema. "Huu una shibiri sita. Nitauminya mwanzoni." Daftari langu lilipopata jibu, lilikuwa hilohilo.

Kutoka hapo fundi mkuu alikuwa yeye. Mtani akaitwa, wakashona wawili, huku akituuliza kama Wamatumbi wote huvalisha mashine zao nguo za harusi au ni sisi tu. Mimi nilipewa kazi ya kukunja fito ziwe pete za kuzuia bomba lisijifumbe, na ya kukata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe mikanda ya kufungia maungio. Nilikuwa na wasiwasi mmoja, nikausema: ukindu unavuja, hewa itapotelea darini.

"Na kwa nini unaipeleka darini?" mama akauliza. "Huko wanakaa popo. Sisi tunakaa huku."

Mhandisi aliweka mabomba darini, nami nikayafuata kama muumini. Tukatoboa ukuta wa nyumba mkabala na mdomo wa mashine, tukalining'iniza bomba kwa kamba chini ya dari, likapita sebuleni wazi wazi, zambarau na kijani, hadi juu ya kitanda cha mama.

Tuliiwasha mashine Jumatatu baada ya alasiri. Bomba lilijaa kuanzia mwanzo hadi mwisho kama chatu anayemeza mbuzi, kisha likachomoka kwenye mdomo wa mashine, likampiga kofi mtani na kumvua ushungi. Alitutukana sisi na ukoo wetu wote kwa raha isiyo kifani. Tukaongeza mikanda ya tyubu. Mara ya pili lilikaa. Hewa ilipenya kwenye msuko kote, haikuvuma, ilishuka taratibu kama mtu anayekupepea bila kutaka umwone. Niliazima kipimajoto cha maabara. Tofauti ilikuwa ndogo hata nikaona haya kuitaja. Lakini mama alilala hadi alfajiri bila kuinuka kuketi, na asubuhi aliomba uji, wala mimi sikuthubutu kuuliza kama bado anaondoka.

Jumatano lori likapiga honi. Nguo zake zilikuwa bado zimekunjwa. Nikaingia sebuleni kumwambia, maana nilikuwa nimemwahidi kwamba likifika sitamficha. Nilimkuta na wanawake wanne wa mtaani, mtani akiwa katikati, wote miguu wameinyoosha chini ya bomba, wanasuka ukili mpya wa mikeka ya dada yangu.

"Lori limefika, mama."

"Nimelisikia."

"Nimwambie nini dereva?"

"Msalimie. Mwambie nina kazi."

"Na nyumba yako?"

"Nyumba yangu wamekwisha kuihamisha mara moja, waliponipeleka kijiji cha ujamaa. Haitakwenda tena popote."

Dereva mwenyewe alikuja kuomba maji, akasimama chini ya bomba na kikombe mkononi, akasahau kunywa mpaka abiria walipoanza kumpigia kelele. Lori likaondoka na vumbi lake. Nikarudi nikasimama nyuma ya mama, nikitega sikio nimsikie anavyopumua. Hakukuwa na mluzi kifuani. Nilisikiliza tena ili niwe na hakika, kisha mara ya tatu.

"We mwana," akasema bila kugeuka, "sogea hapo. Unanizibia upepo."