Picha Iliyoamkiwa Gerezani

Mwanangu aliiamkia picha, na watu wote chumbani wakageuka.

"Shikamoo, babu!"

Ngoja nieleze, msije mkadhani tumerogwa.

Shuleni kwao kipindi cha historia kilifutwa. Mimi niliyesoma masomo ya jioni na mimba tumboni, nikaipenda historia kuliko usingizi, nikasema potelea mbali, nitawafundisha mwenyewe. Mkeka sebuleni, vitabu, wanafunzi wawili: binti yangu na mdogo wake.

Kila somo lilianza kwa kuiamkia picha ya babu yangu ukutani. Mama alinisimulia kwamba wakoloni walimfunga kwa kupigania uhuru.

Binti alijivuna hadi basi. "Sisi damu ya mashujaa, bwana!"

Jumamosi moja nikawapeleka kwenye gereza lenyewe, siku hizi ni makumbusho. Mama aligoma kuja. "Magoti," akasema.

Ndani, mdogo akamwona babu kwenye picha ukutani. Uso uleule, kovu lilelile juu ya jicho. Ndipo akamwamkia.

Mwongoza wageni akacheka. "Mjukuu, huyo haamkiwi. Huyo watu walikuwa wanamkimbia."

Binti akasoma maandishi ya chini kwa sauti, kama nilivyomzoesha. Mnyapara mkuu wa wakoloni. Mkononi kiboko. Miguuni pake, wafungwa wamelala kifudifudi.

Picha yetu ya nyumbani ilikuwa imekatwa kwenye mabega.

"Mama, ndiye?"

Nilitamani kusema wamefanana tu.

"Ndiye."

Tuliporudi nikamkabili mama. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Ulirudi kutoka darasani uso unang'aa, ukaniuliza kama babu alipigania uhuru. Ningekunyima vipi, mwanangu?"

Binti alikuwa mlangoni. Kasikia yote.

Nikamwambia hii nayo ni historia, tena ndiyo hasa ya kujifunza. Akanitazama kama karani anayekukatalia dirishani.

"Na yale mengine uliyotufundisha, nani alikwambia?"

Tangu siku hiyo nikimwita mkekani, anasema kichwa kinamuuma. Sasa na mdogo wake kaanza kuumwa kichwa.

Mzazi mwenzangu, kabla hujampeleka mwanao kwenye historia, tangulia peke yako. Ukikuta la aibu, mwambie wewe, kwa mdomo wako, mapema.

Mimi nimechelewa. Jana nilivirudisha vitabu maktaba, na yule dada wa mapokezi akanipongeza kwa kuvimaliza haraka.