Nyuki wa Nyuma ya Ploti

Walisema nyuki hawakai Nairobi. Walisema wanataka msitu, si ploti ya vyumba kumi na viwili huko Kabiria yenye kamba za nguo kila upande. Wengine walisema mtu akikaa ughaibuni miaka tisa akarudi na diploma ya kilimo cha bustani, hurudi pia na ugonjwa wa kujifanya anajua. Niliwasikia wote. Mimi niliyejilipia karo kwa kusugua vyoo vya hoteli katika nchi ya baridi, ningeshindwaje na mdudu?

Vyote nilivyoanzia vilikuwa vya kuazima. Mama mwenye ploti alinipa kipande cha nyuma, kati ya choo cha zamani na ua wa kayaba, mahali palipokuwa jalala. Nilikisafisha kwa mikono hii. Udongo niliulisha samadi na majani makavu, bila tone la dawa, na haukupita muda kabla ya kuwa na sukuma wiki, maboga, na dhania niliyoiacha ichanue makusudi. Hadi leo nikinusa dhania, naiona ile bustani.

Mbao za mzinga nilipewa River Road na mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Lete pesa ukivuna," alisema.

"Pesa ya nini, mzee? Nitakuletea asali."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mimi nimezaliwa hapa, kijana. Asali ya Nairobi sijaiona. Haya, lete asali."

Shangazi yangu, muuza mboga wa soko la Kangemi, alinishushia pazia la wavu la dirishani kwake nijifunike uso. "Usinirudishie na matundu," akaonya.

Mama mwenye ploti naye alitoa sharti. "Masika yakiisha na bado hakuna nyuki, baba, hapo najenga vyumba viwili. Na wakiuma mtoto wa mpangaji, unabeba sanduku lako siku hiyo hiyo."

Kundi la kwanza lilikuja wakati jakaranda zilipochanua. Nilijivuna, na nilikuwa na haki. Kila Jumamosi niliufungua mzinga na kukagua sega moja moja, kama nilivyofundishwa kule, ambako nyuki ni wapole kama kondoo. Jumamosi ya tano nilikuta masega matupu na nondo wawili.

Mama mwenye ploti alikuwa anaanika shuka. "Wageni wako wako wapi?"

"Wamehama."

"Hata mimi ningehama, mtu akinifungulia mlango kila Jumamosi kuhesabu watoto wangu."

Mpangaji mmoja akadakia kutoka chumbani: "Na wewe, mama, si hutufungulia kila mwisho wa mwezi?"

Ploti nzima ikacheka. Shangazi, aliyekuwa amepita kuniona akitoka sokoni, hakucheka. "Nyuki si ng'ombe, umkamue asubuhi na jioni," alisema tu.

Nilikosea, nakiri, na kosa lile sikulirudia. Niliusugua mzinga ndani kwa nta ya yale masega na mchaichai, harufu inayowavuta nyuki. Nikauinua juu ya nguzo na kuugeuza mlango utazame kayaba, ili nyuki wapite juu ya vichwa vya watoto. Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote: kutougusa.

Mvua zilinyesha, zikapungua, na mzinga bado ulikuwa mtupu. Fundi akaja na kamba kupima msingi wa vile vyumba viwili. Lakini kwa siku tatu nilikuwa nimeona nyuki wachache wakiingia na kutoka mlangoni, wakipeleleza. Diploma ilinifunza maana yake: kuna kundi linatafuta nyumba.

"Mama, nipe mpaka Jumapili."

"Jumapili jioni, baba. Si Jumatatu."

Jumamosi saa sita jua lilitoka. Mvumo ulitangulia, kisha wingu la kahawia likapita juu ya shuka za watu. Fundi aliacha kamba yake akakimbilia chooni. Dakika chache baadaye kundi lote lilikuwa ndani ya mzinga. Sikufungua. Niliketi chini kando ya maboga, bila kujali matope, nikalia kidogo. Nadhani nilistahili.

Baada ya miezi mingi, jioni moja nilikata masega matatu tu ya pembeni, mengine nikawaachia wenyewe.

Asubuhi yake mama mwenye ploti alipata sega la kwanza. Alilitafuna hadi nta, akasema, "Yule fundi nimemwambia asirudi." Kangemi nilipeleka la pili pamoja na pazia, limefuliwa, halina tundu hata moja. Shangazi alilikagua kwanza kabla ya kugusa asali. Kisha nikashuka River Road na la tatu ndani ya ndoo. Mzee alichovya kidole, akalamba, akachovya tena. Akageuka na kumwita mkewe aliyekuwa ndani: "Njoo uonje Kabiria!"

Nilitoka na ndoo tupu mkononi, sidaiwi na mtu yeyote Nairobi nzima.