Mwezi Uliokataa Kutulia

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Tulia, kwa sababu neno hilo ndilo lililomlisha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa tatu za kupangisha: kiti cha duara kisicho na mgongo, pazia la buluu upande huu na jeupe upande ule, kioo cha kuchania nywele kilichoning'inizwa kwa waya. Humo, watu wa pasipoti, maharusi na watoto wenye kulilia pipi walisikia amri ile ile: "Kidevu juu kidogo. Tulia. Tulia! Haya."

Na wote walitoka wazuri kuliko walivyoingia. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wake. Akishakaa mbele ya kompyuta, mkono ulimwasha. Chunusi aliifuta, kovu alilifukia, na mzee alimrudisha ujanani bila kuombwa. Wateja walishukuru, naye akajiona mfadhili. Sifa za bure hulevya kuliko pombe, na mlevi wa namna hii hata harufu hatoi.

Mtu mmoja tu alimkatalia: mama mkwe wake, mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache, yote yenye miiba. Siku alipostaafu, Tulia alimpiga picha, akaisafisha mpaka makunyanzi yakaisha, na ile alama ya kidevuni, aliyoipata utotoni kwa kuanguka kwenye ngazi, ikatoweka. Mkunga aliitazama, akaigeuza nyuma, akairudisha.

"Huyu mwanamke simjui. Mtafute mwenyewe umpe."

Tangu hapo hakukaa tena mbele ya kamera yake. Hata kwenye sherehe za wajukuu, akimwona mkwe ameinua kamera, alijificha nyuma ya mtu mnene. Jambo hilo lilimuuma mke wa Tulia.

"Mama anazeeka," alimwambia mumewe. "Siku akituondokea tutabaki na picha ya nani? Ya yule msichana wako wa kompyuta?"

Basi zikaja habari kwamba mwezi utapatwa, tena mapema, watu wakiwa bado hawajalala. Mkunga wakati huo alikuwa ameteleza bafuni akavunjika mguu, amelala na plasta hadi gotini, na dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jirani. Akamwita mkwe wake.

"Maisha yangu yote, mwezi ukipatwa mimi niko leba," alisema. "Nikitoka nje, umeshapona. Safari hii ni mguu. Niletee picha."

"Nitakuletea, Mama."

"Kama utakavyokuwa. Usinipambie."

Tulia akaona mlango umefunguka. Akimridhisha kwa mwezi, huenda mama akakubali kukaa tena kwenye kile kiti cha duara.

Usiku huo alipanda juu ya paa, penye kamba za kuanikia nguo, akiwa na kamera, lenzi ndefu ya kuazima na stendi ya miguu mitatu ya kuisimamishia. Fundi cherehani, jirani yake wa mlango wa pili, alimfuata na kiti, maana mzaha mrefu hautaki kusimama.

"Mwambie akae vizuri," fundi alisema. "Kidevu juu kidogo!"

"Wewe kaa na vifungo vyako."

"Muulize kama ni ya pasipoti. Masikio yote mawili yaonekane!"

Wapangaji waliokuja kutazama walicheka, wakasogeza mashuka yao kando. Mwezi ulikuwa mzima na mweupe, na Tulia aliupiga bila taabu. Kivuli kikaanza kuumega, akaendelea kupiga. Kisha ukafunikwa wote, ukawa mwekundu wa kutu, hafifu kama kaa lililosahauliwa jikoni. Hapo ilibidi kamera iachwe wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Akaongeza muda, akaongeza tena, amezuia pumzi kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kwa mazoea akanong'ona, "Tulia." Kioo kidogo cha kamera kilikuwa na ufa wa siku nyingi; alichoona humo ni wekundu tu. Akapiga makofi. "Nimeupata!"

Asubuhi, kwenye kompyuta, mwezi mwekundu ulikuwa umevutika kama yai. Picha ya pili, yai. Ya tatu, papai. Kamera haikutikisika. Uliotikisika ni mwezi, uliokuwa ukienda zake angani wakati kamera imekodoa jicho. Mtu aliyezoea wanaokaa kwenye kiti hakuwaza kwamba huyu wa jana alikuwa safarini.

Fundi alichungulia mlangoni. "Loo! Umepiga mwezi au kiazi?"

Fundi alipokwenda zake, mkono ukaanza kumwasha Tulia. Alichukua ule mwezi mweupe wa mwanzo, wa duara safi, akaupaka wekundu, akautia giza pembeni. Ukatoka mwezi wa kuwekwa kwenye kalenda. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha vumbi.

"Mzuri," alisema. "Ila huu haukuwako jana."

"Duara lilikuwako. Rangi ilikuwako. Mimi nimeunganisha tu."

"Na mwizi wa mchele akiiba na kuku, naye ameunganisha tu."

Hakugomba zaidi. Alichapa picha mbili, ile nzuri na lile yai, akazitia katika bahasha moja. "Mama ni wangu, lakini ahadi ni yako. Utachagua mwenyewe."

Mkunga alivaa miwani, akaegemea mto. Tulia alichomoa ile nzuri. Uso wa mama ukalainika kwa namna ambayo Tulia hakuwahi kuiona.

"Ah! Kumbe uko hivi. Kaa, mwanangu."

Mwanangu! Miaka yote alikuwa "mume wa binti yangu." Tulia akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Na jana ulikuwa hivi hivi?"

Hakuna ambaye angejua. Neno moja tu, na kila alichokitaka kingekuwa chake. Watu hudhani nyumba huangushwa na uongo mkubwa. La. Huliwa na huu mdogo, mtamu, tunaompa anayetuamini.

"Hapana, Mama," alisema. "Huo nimeutengeneza. Nilioupiga ni huu. Nilichelewa kuifunga kamera, nao ukatembea."

Mkunga alilitazama yai lile. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Kichwa cha mtoto!" alisema kwa kicheko. "Wengi hutoka hivi hivi, kimevutika. Mama zao hulia, 'Mkunga, mwanangu ana nini?' Nawaambia subirini, kitarudi chenyewe. Sikumfinyanga hata mmoja."

Akairudisha ile nzuri. "Hii mpe yule mwanamke wako wa kompyuta, asiye na makunyanzi." Yai aliliegemeza kwenye jagi la maji, mahali atakapoliona akiamka. "Kamera unayo?"

"Iko mkobani, Mama."

"Piga kabla sijabadili nia. Na kidevu changu ukiache na alama yake."

Tulia aliinua kamera. Kwa mazoea kinywa kikafunguka kutoa amri, lakini mama alikuwa bado anacheka, plasta na yote. Akalimeza lile neno, akapiga.

Picha ile ilitoka imetikisika kidogo mabegani. Imetundikwa sebuleni kwa Tulia na mkewe, na kompyuta haijaigusa.